Kuwasha injini ya mvuke iliyopoa: kwa nini moto uanze mapema hivyo?

Mpenda_Reli: Wakuu, salaam. Reli ya Talyllyn kule Wales inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1951. Injini zake ni ndogo na njia yenyewe haifiki kilomita 12, lakini moto huwashwa saa kadhaa kabla ya treni ya kwanza. Kwa nini wasijaze makaa mengi stimu (mvuke) ipande upesi? Na hatua zinafuatanaje?

Fundi_Bwela: Haraka ndiyo inayoua bwela (tangi la kuchemshia maji), mkuu. Tanuri la ndani mara nyingi ni la shaba, ganda la nje ni chuma. Vikipashwa kwa kasi havitanuki sawasawa: juu maji yanachemka, chini bado ni baridi. Hapo miisho ya mirija inayopitisha hewa ya moto kutoka tanurini huanza kuvuja, na vyuma vinavyoshikanisha kuta za tanuri hupata nyufa.

Kabla ya kiberiti, soma maji kwenye vioo vyote viwili vya kuonyesha kimo chake, kisha fungulia koki zake uone yanashuka na kupanda kweli. Kioo kilichoziba huonyesha maji yasiyokuwepo! Chungulia tanurini kama plagi za risasi (vizibo vya madini laini kwenye paa la tanuri) zinavuja. Zoa majivu. Regyuleta (valvu ya kupeleka stimu kwenye silinda) ifungwe, breki ya mkono ikazwe, koki za silinda za kutolea maji ziwe wazi. Ndipo matambara yenye mafuta, kuni kavu, halafu makaa kidogo kidogo hadi yaenee.

Mchochea_Makaa: Naongezea kuhusu maji. Anza na nusu kioo hivi. Injekta husukuma maji kwa nguvu ya stimu, kwa hiyo geji ya shinikizo ikiwa chini huna namna ya kuongeza. Usijaze mpaka juu pia, maana maji yakipata moto hutanuka, na stimu itayabeba hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi, pistoni ikiyagonga, kifuniko cha silinda hupasuka. Ndiyo sababu injini huondoka koki zikiwa wazi, ikipuliza pembeni.

Mpenda_Reli: Shukrani. Na maji yakipotea kiooni moto ukiwa unawaka?

Fundi_Bwela: Toa moto mara moja, usingoje plagi. Paa la tanuri likikosa maji hulainika, na shinikizo lililo juu yake hulisukuma ndani. Risasi ya plagi ikiyeyuka, stimu humwagika motoni kukuonya, ila haizimi moto mkubwa.

Jioni, jaza maji wakati moto ungali na nguvu, kisha funika dohani ili hewa baridi isipite kwenye mirija. Kuosha bwela kusubiri lipoe lenyewe. Tope likilala chini ya kuta za tanuri, maji hayagusi chuma, na hapo ndipo kinapoungua.