Naomba ushauri: jaribio la soda na pipi kwa watoto

Wakuu habari zenu. Nataka kufanya lile jaribio la kutumbukiza Mentos kwenye soda na watoto, mkubwa ana miaka 9, mdogo 5. Mkubwa atanielewa: gesi ya kaboni dayoksaidi imebanwa ndani ya soda, pipi ina vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mapovu yanajijenga humo kwa mkupuo, na kwa kuwa pipi inazama hadi chini, soda yote ya juu inasukumwa nje. Huyu wa miaka 5 nimwelezeje?

Kinachonisumbua hasa ni kutumbukiza. Ukitia mojamoja, ya kwanza inaamsha povu kabla hujafikia ya pili, unabaki umelowa. Nafikiria kuviringisha karatasi iwe bomba, kwa chini naziba na kadi, kisha navuta kadi pipi zote zishuke pamoja. Au kuzitoboa na kupitisha uzi ni bora?

Soda nitatumia isiyo na sukari, hainati kwenye nguo. Wanasema ya vuguvugu inaruka juu zaidi. Chupa ambayo haijafunguliwa niipashe vipi bila hatari? Miwani ya kukinga macho ninayo.