MJADALA: Berlanga alimcheka Franco, au Franco ndiye aliyemruhusu acheke?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nimeangalia *El verdugo*, yaani "Mnyongaji", filamu ya Kihispania ya 1963, picha nyeusi na nyeupe, na tangu siku hiyo sijatulia. Aliyeiongoza ni Luis García Berlanga, mtu wa Valencia, kazaliwa 1921, kafariki 2010.

Kwa ambaye hajaiona: José Luis ni mfanyakazi wa kampuni ya mazishi, ndoto yake aende Ujerumani akawe makanika. Anakutana na mzee Amadeo, mnyongaji wa serikali anayekaribia kustaafu. Mzee mpole kabisa, anatembea na vyuma vyake kwenye mkoba kama fundi bomba. Binti yake Carmen hapati mchumba, kila mwanamume akisikia kazi ya baba anaaga. José Luis naye wasichana wanamkimbia kwa ajili ya majeneza. Wawili hao wakaonana. Mimba, ndoa. Sasa mzee ameandikiwa fleti mpya ya serikali, lakini akishastaafu fleti inayeyuka, labda mkwe arithi kazi. Wanamwambia mkwe: saini tu, siku hizi hawanyongi mtu, na ikitokea utajiuzulu. Anasaini. Halafu inakuja barua kutoka Mallorca.

Filamu hiyo ilipita kwenye meza za wakaguzi wa Jenerali Franco, dikteta aliyeitawala Hispania mpaka alipokufa 1975, ikakatwa hapa na pale, ikagongwa muhuri. Wapo wanaosema tashtiti iliyopewa kibali si tashtiti, ni ngoma ya ikulu. Mimi nasema Berlanga, akiwa humo humo ndani na mkono wa serikali begani, alimuumiza yule dikteta kuliko wengi waliompigia kelele kutoka Paris. Karibuni, ila matusi hapana.

Kibarua wa Hoja

Mkuu umeanzia katikati ya kanda. Rudisha nyuma mpaka 1941. Kijana Berlanga, miaka ishirini, anajiandikisha División Azul, kile kikosi cha Wahispania waliopelekwa Urusi kupigana bega kwa bega na jeshi la Hitler. Huyo ndiye mpinzani wako?

Na tuwalinganishe watu wa rika moja. Juan Antonio Bardem alisoma naye kwenye chuo kile kile cha filamu Madrid, na filamu ya kwanza, *Esa pareja feliz*, waliiongoza pamoja. Bardem alikuwa mkomunisti na hakuficha. Mwaka 1955 kwenye mkutano wa watu wa filamu pale Salamanca alisimama akasema sinema ya Hispania kisiasa haifai kitu na kijamii ni ya uongo. Mwaka uliofuata akakamatwa wakati kamera zinazunguka. Ukimwita huyo mpinzani sitabisha.

Halafu kuna hili la matamasha. 1962 Franco anamteua Manuel Fraga kuwa waziri wa habari na utalii. Tazama hizo kazi mbili zilivyofungwa kamba moja, habari na utalii! Filamu za kucheka zilikuwa zinapelekwa Cannes na Venice ili mgeni aseme kumbe Hispania kuna uhuru, twende tukaote jua. Berlanga alikuwa kwenye vipeperushi vya kuitangaza nchi, apende asipende.

Mleta mada

Ndugu yangu Kibarua, hiyo kanda ukiirudisha nyuma usiiruke nusu. Baba yake alikuwa mbunge kule Valencia wa upande wa Jamhuri, ule uliopigana na Franco kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 ukashindwa. Vita vilipokwisha alishikwa, akahukumiwa kifo. Familia ikaona mtoto akivaa sare ya Franco na kwenda kwenye theluji huenda mzee akasamehewa. Mzee hakuuawa, ingawa jela alikaa miaka. Mwenyewe Berlanga hakujipamba kwa hilo, alikiri kwamba kulikuwa pia na msichana aliyetaka kumvutia.

Sasa weka hapo kisa cha José Luis. Mtu mwema anasaini karatasi asiyoipenda kwa ajili ya familia, na karatasi ile inamkokota mpaka kwenye chumba cha kunyongea. Wewe unaona doa kwenye cheti chake cha tabia njema. Mimi namwona mtu aliyejua kalamu ya aina hiyo ina uzito gani mkononi.

Fundi Projekta

Mnagombea siasa, acheni niongee ufundi kidogo, maana jibu la mleta mada liko huko.

Wakati ule mwongozaji alipeleka kwanza maandishi ya filamu yakaguliwe, akiruhusiwa anapiga picha, kisha filamu yenyewe inakaguliwa tena. Mkaguzi alikuwa anasoma karatasi. Na filamu ya Berlanga haiishi kwenye karatasi. Anafungua kamera, anaweka watu kumi na watano chumbani, wote wanaongea kwa mpigo, mmoja anadai hela, mwingine anatafuta kofia, padri anaharakisha, na kamera inawafuata dakika nzima bila kukata. Ukitoa sentensi moja hujapunguza kitu, kwa sababu uchungu uko kwenye ule msongamano. Hakuna anayemsikiliza mwenzake! Mkasi unatafuta neno baya na neno baya halipo.

Alipenda kusimulia kwamba aliwahi kuandika tu "picha pana ya Gran Vía", ile barabara kuu ya Madrid, na bado ikazua mashaka: kwa kumjua Berlanga, hatashindwa kumweka askofu anatoka klabu ya usiku.

Angalieni *Plácido* ya 1961. Mkesha wa Krismasi, mji mdogo, mabibi wa mjini wanaendesha kampeni kila tajiri akaribishe maskini mmoja mezani, wadhamini ni kampuni ya masufuria. Plácido ana pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu, guta kabisa kama letu, wamelikodi na kulibandika linyota likubwa la mapambo juu. Yeye shida yake moja: leo ndiyo siku ya mwisho kulipa rejesho la kwanza la hiyo guta. Usiku kucha anazungushwa na watu wanaomhubiria huruma, wakati hela yake haitoki. Kuna mzee maskini anaugua mezani kwa watu, na badala ya kumhangaikia ugonjwa wanahangaika kumfungisha ndoa na mwanamke aliyekuwa akiishi naye, asije akafa na dhambi ndani ya nyumba yao. Jina la kwanza la filamu lilikuwa ile kaulimbiu yenyewe ya kumkaribisha maskini mezani. Wakaguzi wakalikataa jina, filamu wakaiacha. Ikafika mpaka kwenye tano bora za Oscar za filamu za kigeni, ikashindwa na ya Ingmar Bergman, yule mwongozaji wa Sweden.

Na Rafael Azcona, aliyeandika naye filamu hiyo na *El verdugo*, msimsahau. Kuanzia hapo nusu ya sumu ni yake.

Binti Mkaidi

Kaka zangu, shikamooni wakubwa, lakini mnagombania maji ya kisima kimoja. Wote mnauliza kama alimpinga Franco. Mimi nauliza alipomaliza Franco alibaki nani wa kuchekwa?

Tazama Carmen. Kwenye simulizi lenu yeye ni chambo: anapika, anashika mimba, anataka fleti. José Luis ni windo na mwanamke ni mtego. Filamu kadhaa zake zinakwenda hivyo, mwanamume dhaifu anazungukwa na mke, mama mkwe na wifi mpaka pumzi inakwisha. Kisha 1974 akatoa *Tamaño natural*, ambamo mwigizaji Mfaransa Michel Piccoli ni daktari wa meno anayemwacha mkewe akaishi na mdoli wa ukubwa wa mtu. Hispania ilizuiwa mpaka Franco alipokuwa amekwisha kufa. Wengine wanaiona kama hukumu kwa mwanamume wa aina hiyo. Nimeiangalia mara mbili, sijashawishika. Mwenyewe hakukana kwamba anawaogopa wanawake, alilisema kama utani, na baadaye akasimamia kwa miaka ile tuzo ya vitabu vya mahaba ya chumbani, La sonrisa vertical.

Na kuna *La vaquilla* ya 1985, ile ya wanajeshi wa Jamhuri wanaovuka mstari kwenda kuiba ng'ombe wa sherehe upande wa pili. Mwishoni ng'ombe anakufa katikati ya majeshi mawili, hakuna aliyemla ila tai. Inachekesha, sikatai. Lakini baba yako akiwa amehukumiwa kifo na upande mmoja, unapata wapi ujasiri wa kutuambia pande zote zilikuwa sawa?

Kibarua wa Hoja

Dada umemaliza. Mimi nilikuwa nazunguka mbuyu.

Mleta mada

Hajamaliza, ila kanibana. Kuhusu wanawake sina utetezi, Carmen anastahili zaidi ya alichopewa. Nitaongeza tu kwamba Emma Penella aliyemcheza anamtoa kwenye mtego huo kwa macho yake peke yake, hasa kwenye ile fleti ambayo haijakwisha kujengwa.

Kuhusu *La vaquilla*, wazo lake ni la miaka ya hamsini na wakaguzi walilizuia. Kumbuka kwa serikali ile vita haikuwa ugomvi wa majirani, ilikuwa vita takatifu. Kusema kwamba askari wa Franco naye alikuwa na njaa na anataka kinyozi, miaka ile ilikuwa kufuru. Iliposubiri mpaka 1985 utamu ukawa umegeuka ladha. Hapo nakubali.

Ila hoja ya vipeperushi vya utalii, Kibarua, hiyo siipitishi. Angalia kalenda ya 1963. Aprili, Julián Grimau wa chama cha kikomunisti anapigwa risasi, dunia inapiga kelele. Tarehe 17 Agosti wanaanarkia wawili, Granado na Delgado, wananyongwa Madrid kwa garrote, ule ukosi wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Wiki chache tu baadaye *El verdugo* inaonyeshwa Venice na kupata tuzo ya wahakiki. Balozi wa Hispania nchini Italia, Alfredo Sánchez Bella, anamwandikia waziri wa mambo ya nje akilalamika kwamba hiyo ni moja ya kashfa kubwa kuwahi kutungwa dhidi ya Hispania. Mtu haandiki barua ya namna hiyo kuhusu tangazo la utalii. Kati ya vitu walivyokata ni mlio wa vyuma ndani ya mkoba wa mzee. Mlio tu! Na inasimuliwa kwamba Franco mwenyewe alisema kwenye baraza la mawaziri kuwa Berlanga si mkomunisti, ni kitu kibaya zaidi, ni Mhispania mbaya. Baada ya hapo filamu iliyofuata aliipigia Argentina, na nyumbani hakutoa nyingine mpaka 1970.

Kibarua wa Hoja

Haya, kalenda nimeiona. Lakini garrote haikusimama kwa sababu ya filamu. Salvador Puig Antich, kijana mwanaanarkia, alinyongwa kwa chuma kile kile Barcelona, Machi 1974. Miaka kumi na moja watu wameshacheka.

Mleta mada

Kweli. Sikusema filamu ilisimamisha kitu.

Fundi Projekta

Ruhusuni niwape ile picha ya ukumbi ndipo nilale. Gereza la Mallorca, ukumbi mkubwa mweupe, mtupu, mlango mdogo mweusi mwisho wake. Kamera iko juu, mbali. Linapita kundi la kwanza limemzunguka mfungwa, anatembea mwenyewe. Nyuma yake kundi la pili linamkokota mtu aliyeishiwa miguu, anatapatapa, kofia imemdondoka, mtu mmoja anarudi kuiokota. Huyo wa pili ndiye mnyongaji. Berlanga alisema picha hiyo ilimjia kwanza, baada ya wakili kumsimulia siku alipomwona mnyongaji mwenyewe akisukumwa kwenda kazini, na filamu nzima ikajengwa ili ifike hapo. Hakuna muziki wala hotuba. Mkaguzi ataandika nini kwenye ripoti? "Watu wanavuka ukumbi"?

Mpita Njia

Nimesoma kimya tangu juu. Naongeza moja. 2008 mzee alipeleka kitu akakifungia kwenye sefu za Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya kueneza Kihispania, pale Madrid, zilizokuwa za benki zamani, akasema pafunguliwe akitimiza miaka mia. 2021 wakafungua. Ndani kulikuwa na maandishi ya filamu ambayo hakuipiga, *¡Viva Rusia!*, ya kufunga ule mfululizo wake wa familia ya kimwinyi ulioanza na *La escopeta nacional* 1978. Kwa hiyo bado alikuwa anajibizana na watu akiwa kaburini.

Na filamu yake ndefu ya mwisho, *París-Tombuctú* ya 1999, inafungwa na maneno mawili ya Kihispania yaliyoandikwa kwa mkono: *Tengo miedo*, ninaogopa. Wakati huo Franco ana miaka ishirini na minne tangu azikwe. Mnaosema alikuwa anamwogopa Franco na mnaosema alikuwa anamchezea, nisaidieni: hapo alikuwa anamwogopa nani?

Binti Mkaidi

Mama mkwe.

Kibarua wa Hoja

😂 Nimekufa. Kuhusu 1941 nabaki pale pale, mleta mada. Kuhusu ule ukumbi mweupe nimenyamaza kwanza, nakwenda kuuangalia tena.