Tupeane uzoefu: rekodi za Krismasi za kwaya ya King's, Cambridge, zilikufikia vipi?

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita tulikuwa tunasafisha nyumba ya marehemu mzee wangu kule Muheza. Ndani ya kopo la biskuti nikakuta kaseti yenye mwandiko wake: KRISMASI, CAMBRIDGE. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani aliimba besi. Kila tarehe 24 Desemba, saa kumi na mbili jioni inapokaribia, alikuwa anatoa redio barazani, anavuta antena na kuitafuta BBC ya Kiingereza kwenye masafa mafupi. Mbele yake anaweka redio kaseti ya kuazima, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Baada ya hapo hakuna wa kufungua mdomo.

Nimehangaika mpaka nikampata fundi ambaye bado ana deki nzima. Tukaiweka. Kwanza mikwaruzo, inakuja na kwenda kama mawimbi. Halafu mtoto wa kiume anaanza kuimba peke yake, bila kinanda, ubeti mzima. Kwaya inaingia ubeti wa pili, na hapo hapo anasikika mama yangu kutoka jikoni: "Nani kachukua chumvi?" Mama alitutoka mwaka 2009. Nilimwomba fundi arudishe nyuma. Tulirudisha mara nne.

Kwa wasioijua ibada yenyewe: ni ya masomo tisa na nyimbo za Krismasi, katika kanisa la chuo cha King's, Cambridge, Uingereza. Kule ni saa tisa alasiri, kwetu saa kumi na mbili jioni. Pale King's ilianza mwaka 1918, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Aliyeianzisha ni Eric Milner-White, mkuu mpya wa kanisa hilo, kijana wa miaka 34 aliyetoka kuwa padre wa jeshi vitani. Mfano aliuchukua mji wa Truro, huko huko Uingereza, ambako askofu Benson alifanya ibada ya aina hiyo mwaka 1880. BBC imeitangaza tangu 1928, ikakosa mwaka 1930 tu. Na ule wimbo wa kufungulia anaouanza mtoto peke yake, "Once in Royal David's City", upo tangu 1919.

Tupeane uzoefu. Wewe zilikufikia vipi, kwa redio, kaseti, santuri, shule? Na zilikufanya nini?

Mwalimu wa Sauti Nne

Pole kwa wazazi, mleta uzi. Hiyo kaseti itunze, na umwambie fundi akutolee nakala ya kwenye simu kabla utepe haujakatika.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Kilimanjaro, mwaka wa 31 sasa. Kaseti yangu nilipewa na mchungaji aliyetoka masomoni mwaka 1994. Usharika haukuwa na umeme. Nilikaa na redio ya betri sita, daftari la mraba na penseli, nikawa nasikiliza mstari mmoja, nasimamisha, naandika solfa (zile do re mi), narudisha. Besi ndiyo iliyonitesa, maana kanisa lile lina mwangwi mkubwa na sauti za chini zinayeyukia humo. Wimbo mmoja ulinichukua siku tisa.

Kilichonifanya nisilale ni ile sauti ya juu kabisa katika beti za mwisho, wanayoiita diskanti. Waumini wanaimba wimbo wanaoujua, halafu watoto wanapanda juu yao na wimbo mwingine kabisa. Nyingi za aina hiyo alizitunga David Willcocks, aliyeiongoza kwaya ile kuanzia 1957 hadi 1974, na kitabu cha kijani cha nyimbo hizo, "Carols for Choirs", kilitoka mwaka 1961. Sasa sikilizeni "O Come, All Ye Faithful", ubeti wa malaika. Nilikuwa naandika: so la so fa mi, fa so fa mi re... nikaweka penseli chini. Mbona hii naijua? Ni ile "Gloria" ya "Ding Dong Merrily on High"! Willcocks kaitoa kule na kuipandisha hapa, malaika wa wimbo mmoja wanaimba ndani ya wimbo mwingine. Hakuna aliyenifundisha, niliiona kwa penseli yangu mwenyewe. Nilimwamsha mke wangu usiku ule kumwambia.

Tatizo likawa betri. Zilikuwa zimechoka, kaseti inazunguka taratibu, na sauti imeshuka bila mimi kujua. Solfa haina shida hapo, do ni do popote uiweke. Lakini nikawafundisha soprano kwa pichi ile ya betri zilizochoka, wakaimba vizuri sana, wakatulia. Siku mbili kabla ya Krismasi nikanunua betri mpya ili wausikie wimbo wenyewe. Ukatoka juu! Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiki ndicho ulichotufundisha?" Tukarudi mazoezini, wakajaribu, wawili tu wakafika. Krismasi ile waliimba hao wawili. Mmoja bado yuko kwenye kwaya.

Binti Masasi

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya betri nitaikumbuka.

Mimi ni muuguzi, niko Uingereza mwaka wa 17. Niliingia mle kanisani mara moja, mwaka 2011. Siku hizo kulikuwa na foleni ya wasio na tiketi, unawahi alfajiri. Nilitoka zamu ya usiku, nikapanda treni, sikulala. Baridi ilikuwa ya kuuma mifupa ya vidole. Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza na kijukuu chake, akafungua chupa ya chai akanimiminia kwenye kifuniko bila hata kuniuliza jina. Tulikaa pale masaa.

Ndani, kitu cha kwanza ni urefu. Mita 88, na paa la jiwe liko mita 24 juu, limechongwa kama mikeka ya ukili iliyofunguka feni kwa feni. Ujenzi ulianza mwaka 1446. Tulipoingia madirisha ya rangi bado yalikuwa na mwanga kidogo. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo kadiri masomo yanavyosonga madirisha yanazidi kuwa meusi, mishumaa inazidi kuwa na nguvu. Hilo rekodi haliwezi kukupa.

Kisha kukawa kimya. Watu zaidi ya elfu moja na hakuna anayekohoa. Baadaye nilisoma kwamba watoto kadhaa huandaliwa kwa ule ubeti wa kwanza, na kiongozi huonyesha kwa kidole nani aimbe pale pale dakika ya mwisho, ili asikae na hofu usiku kucha. Sauti ilipotoka sikujua inatoka upande gani. Nililia, na yule bibi akanishika mkono.

Lakini kilichonipata zaidi kilikuwa nje. Jengo la jirani, hatua chache tu, ni ukumbi wa Senate House. Humo ndimo Livingstone alihutubia Desemba 1857, na kutokana na hotuba ile vyuo vikuu vikaunda UMCA, ile misheni ya Kianglikana iliyokuja huku kwetu. Sisi wa Masasi tunajua maana yake: mwaka 1876 askofu Steere alifika kwetu na watu waliokombolewa utumwani, wakaanza kijiji. Ukoo wa bibi yangu mzaa mama unatokana na watu hao. Nilisimama pale na mkoba wangu, treni ikaniacha.

Mpenda Homu, Unguja

Mie ni Muislamu na uzi huu nimeusoma wote kwa raha. Nimezaliwa Mkunazini, kanisa lile la mahali palipokuwa soko la watumwa tulikuwa tukilisikia toka dirishani kwetu. Rekodi za King's kanipa jirani yetu, mzee aliyekuwa akipiga kinanda hapo.

Nami nasikiliza kama mtu wa maulidi ya homu. Kwetu kuna safu ya watu wamepiga magoti, na sifa kubwa ni kuwa huwezi kumtenga mmoja, pumzi zao zinakuwa pumzi moja. Watoto wale wako kumi na sita, na wakubwa kama kumi na nne, na utasikia jambo hilo hilo: herufi ya mwisho ya neno wanaifunga pamoja, kama mlango mmoja. Tena wanaimba sauti kavu, haitikisiki. Vaeni hedifoni, msikilize mstari unapokwisha. Wao washanyamaza, jiwe bado linaimba.

Mama Getruda

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Sisi Wakatoliki wa Songea tulikuwa na nyimbo zetu za Noeli, na ngoma, na vigelegele vya mama zetu. Binti yangu aliniwekea hizo rekodi za King's. Ni nzuri, sikatai. Lakini nikamuuliza: wanawake wako wapi? Habari ya mama aliyejifungua zizini, na hakuna sauti hata moja ya mama. Mimi nimejifungua watoto watano. Sauti safi ya mtoto ni nzuri kwa malaika, ila Maria alikuwa na uchungu. Hilo nilikosa.

Binti Masasi

Mama, shikamoo. Umesema kweli na hata kule wamelijadili miaka mingi. King's bado ni wavulana na wanaume. Lakini mji ule ule, chuo cha St John's kimefungua kwaya yake kwa wasichana na wanawake tangu 2022, na St Catharine's wana kwaya ya wasichana tangu 2008. Jaribu kusikiliza hao.

Mama Getruda

Marahaba mwanangu. Nitasikiliza.

Wanjiru wa Thika

Hamjambo. Mimi niliyajua haya shuleni, bweni la wasichana, miaka ya themanini. Mwalimu wetu wa muziki alikuwa na santuri ya King's na alitufanyisha ibada nzima: masomo tisa, kuanzia Adamu kule bustanini mpaka mwanzo wa Yohana. Somo la kwanza lasomwa na mtoto, la mwisho na mkubwa wa mahali. Kwetu akasoma mwalimu mkuu.

Nilifanya mazoezi ya ule ubeti wa kwanza wiki sita. Nilikuwa nikiuimba nikifua, nikichota maji. Jioni yenyewe tumesimama mlangoni, kila mtu na mshumaa, mwalimu akamwonyesha kidole msichana mwingine. Sikuelewa. Nilikasirika mpaka nikamaliza shule sijamsamehe. Leo, nikiwa na miaka hamsini na nne, ndio nasoma hapa kwa Binti Masasi kwamba huko King's hufanya hivyo hivyo. Alikuwa akifuata santuri yake. Kumbe sote wawili tulikuwa tumeandaliwa, na hakuna aliyetuambia.

Yule msichana aliimba vizuri. Nakumbuka nta ya mshumaa wangu ikinidondokea kwenye kidole gumba, nami nikiimba naye kimoyomoyo, neno kwa neno.

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Dada Wanjiru, umenigusa. Mama Getruda, nimerudia kusikiliza kaseti yangu nikiwa na maneno yako. Sauti ya mama kwenye hiyo yangu ipo moja, na inauliza chumvi.

Mwalimu wa Sauti Nne, nimefuata ushauri, fundi ameshanitolea nakala. Ila kuna jambo: kwenye deki yake yule mtoto anasikika mzito kuliko rekodi za siku hizi. Je, ni deki, au redio kaseti ya mzee ndiyo ilikuwa na shida wakati wa kurekodi?

Mwalimu wa Sauti Nne

Msikilize mama. Kama sauti yake ni ile unayoijua, deki iko sawa. Kama naye kawa mzito, mwambie fundi aongeze mwendo kidogo kidogo mpaka useme "huyu ndiye".

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Kesho asubuhi naenda na dada yangu. Yeye ndiye aliyekuwa ameichukua ile chumvi.