Mjadala: Je, fedha za migodi zilipie ngoma na tamthilia za mitaa ya Lubumbashi?

Mwalimu wa Kamalondo
Ndugu zangu wa Lubumbashi, naleta swali lililonikaa moyoni tangu kikundi cha tamthilia cha mtaa wetu kilipofunga mlango. Sheria ya Madini ya Kongo, tangu iliporekebishwa mwaka 2018, inailazimu kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii. Tunaona fedha hizo zikijenga zahanati, visima na madarasa, na sina neno dhidi ya kisima. Nauliza kwa nini ngoma, kwaya na tamthilia zetu zingojee ruzuku za balozi za Ulaya, wakati shaba inayotoka chini ya miguu yetu ingeweza kuzilipia. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba kambi za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, zilikuwa na kumbi zao za burudani, na hakuna aliyesema ni anasa.

Mhasibu wa Kampemba
Mwalimu, nakuheshimu, lakini sheria hiyo umeisoma nusu. Fedha hizo ni za jamii zinazoguswa moja kwa moja na mgodi, na zinasimamiwa na chombo maalumu ambamo kampuni na wanajamii wana wajumbe wao. Mtu wa Fungurume, kule kwenye migodi, ambaye vumbi la malori linaingia hadi kwenye sufuria yake, hatakubali zivuke kuja Kamalondo kulipia mazoezi ya tamthilia. Na tuseme zimevuka: nani atazitolea hesabu? Nimepitia vitabu vya vyama kadhaa vya utamaduni hapa jijini, na nasema bila chuki kwamba vikundi vya mitaani, hasa vya wapiga karindula, lile banjo kubwa la pipa, havijui kutunza hata risiti moja. Vipe dola 3,000 leo, na baada ya miezi mitatu utakuta zimeishia kwenye bia ya matanga.

Mwana wa Katuba
Bwana Mhasibu, ya Fungurume nawaachia wengine. Mimi najibu hiyo bia ya matanga.

Karindula letu tulilitengeneza kwa mikono yetu. Pipa la mafuta tulilinunua kwa fundi anayekata mapipa kando ya barabara. Ngozi ya mbuzi tuliipata kwa mchinjaji, tukailoweka usiku kucha, kisha alfajiri tukaiwamba mdomoni mwa pipa ikiwa bado laini, maana ikishakauka haikubali tena kuvutwa. Shingo ni ubao, nyuzi ni nne. Mchinjaji yule hana muhuri wala kitabu cha risiti. Ana kisu na gogo. Shirika lililotupa ruzuku mwaka ule likaikataa gharama ya ngozi kwa sababu hapakuwa na risiti yenye muhuri na namba ya mlipakodi, lakini likaipokea bila swali bili ya hoteli ya mkufunzi aliyekuja siku mbili kutufundisha kuandika ripoti. Chombo ambacho ndicho kilichokuwa mradi wenyewe kikahesabiwa kuwa gharama isiyokubalika, nasi tukadaiwa turudishe fedha zake.

Ndiyo, tunapiga matangani, kwa sababu huko ndiko watu wetu wanakokusanyika, na huko ndiko vijana wanakojifunzia. Usituite walevi ilhali ndio tunaowasindikiza wafu wenu.

Mama Mshonaji, komini ya Kenya
Mwanangu wa Katuba, umelisema nililokuwa nimelimeza. Hapa Kenya, komini hii ya jiji letu, mimi hushona mavazi ya vikundi vya tamthilia. Kuna mfadhili aliyelipa sehemu ya kwanza na kuizuia sehemu ya mwisho hadi ripoti ipitishwe. Onyesho lilifanyika mwezi wa tano, ripoti ikarudishwa mara tatu, na fedha zilipofika binti yangu alikuwa ameshafukuzwa darasani kwa ajili ya ada. Kikundi hakikunidhulumu, kwani nacho kilikuwa kinadai. Miezi yote ile, aliyekuwa anaukopesha mradi ni mimi na cherehani yangu.

Mhasibu wa Kampemba
Mama, pole sana. Hilo la kuzuia malipo hata mimi silitetei. Lakini wewe wa Katuba, karindula lilipigwa matangani kwa baba yangu pia, usiku kucha, kwa hiyo usinifundishe thamani yake. Ninachosema ni kwamba fedha za ruzuku ni kodi za watu wa nchi nyingine, na mkaguzi wao hamjui mchinjaji wako. Nimemwona kwa macho yangu kiongozi wa chama akiinua ukuta wa nyumba yake kwa saruji iliyoandikwa kuwa ya jukwaa. Mkinyamazia hayo, wanaoumia ni ninyi mliowamba ngozi kwa uaminifu.

Mzee wa Makomeno
Wanangu, mmeliacha swali la Mwalimu njiani. Mwaka 1946, jiji hili likiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Humo ndimo walimotokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao picha zao zilivuka bahari. Alipofariki mwaka 1954, karakana ikaisha, na wachoraji wakahamia chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mwaka 1951. Kazi ya watu wenye vipaji vile ilikuwa imening'inia kwenye pumzi ya mtu mmoja. Kwa hiyo risiti hazinitishi kama anavyonitisha mfadhili wa pekee, awe Mzungu, awe mgodi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mwana wa Katuba
Mzee, kwa heshima yote, methali hiyo naisikia tangu utoto, na haijawahi kutulipia ukumbi.

Mwanafunzi wa Kasapa
Mzee wangu ana haki kuogopa mfadhili mmoja, lakini chama kilichosimama vizuri hakifi na mtu. Chama kiitwacho Picha kiliundwa na wasanii wa hapa, mpiga picha Sammy Baloji akiwa mmoja wao, kikaanzisha Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, mwaka 2008. Kuhusu fedha, mlango ulio karibu zaidi ni mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni huilipa serikali kwa madini inayouza. Sheria ileile inaipa serikali ya mahali machimbo yalipo, kama vile komini, asilimia 15 ya mrabaha wa madini, na Ruashi kuna mgodi ndani ya mipaka ya jiji. Hapo kikundi cha Ruashi kinaweza kumwendea mkuu wa komini yake kwa miguu.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni karatasi. Kwa sheria ya mwaka 2001 kuhusu vyama visivyo vya faida, hati ya chama kutambuliwa kisheria inatolewa na Waziri wa Sheria huko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na wafadhili wengi huidai kabla hata ya kufungua bahasha. Kisha fomu ziko kwa Kifaransa. Mwigizaji Mufwankolo na wenzake waliwachekesha na kuwaliza watu kwa Kiswahili cha jiji hili, redioni na kwenye televisheni, lakini kikundi kama chao leo kinalazimika kumtafuta mtu wa kukieleza kwa Kifaransa, naye hukata sehemu yake.

Mhasibu wa Kampemba
Hilo la anayekata sehemu yake nimelisikia, na kwa kuwa baadhi yenu mnanifahamu, naomba ijulikane kwamba sijawahi kukata. Kuhusu mchinjaji, dawa ipo. Andikeni hati ya ununuzi: jina la muuzaji, kitu, bei, tarehe, alama ya kidole gumba, na sahihi za mashahidi wawili. Ombeni iingizwe katika mkataba wa ruzuku kabla fedha hazijatoka, kwa sababu baadaye hakuna atakayewasikiliza. Nina mfano wake na nitawapa bure.

Mwana wa Katuba
Mfano tutaupokea. Neno la bia bado hujaliondoa.

Mhasibu wa Kampemba
Nimeliondoa. La risiti limebaki.

Mwalimu wa Kamalondo
Ndugu zangu, nawashukuru, ila ile asilimia 0.3 mmeiacha palepale nilipoiweka. Mwanafunzi, kuhusu mrabaha, je, unajua kikundi chochote kilichokwisha kumwendea mkuu wa komini?

Mama Mshonaji, komini ya Kenya
Mwalimu, nisamehe, nataka kwanza kumaliza na Mhasibu. Hati hiyo ya ununuzi, iandikwe kwa Kiswahili. Mchinjaji hataweka kidole chake chini ya maneno asiyoyaelewa, nami vilevile. Uniletee nakala sokoni Jumamosi. Upande wa vitambaa, watakuonyesha meza yangu.