Kitufe cha ratiba iliyofichwa: Onyesha/Ficha, Fungua/Funga au Kunjua/Kunja?

Sakina_Tek: Wakuu, nina ukurasa wa njia za Kilimanjaro: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai. Ratiba ni ndefu, nimezificha chini ya kitufe. Kiitweje? Keshokutwa nakabidhi.

DadaRau: Wasomaji ni nani? Simu au kompyuta? Na hicho ni `button` kweli, au `div`, kisanduku kitupu cha HTML, uliyoibandika onclick ili ibonyezeke?

Sakina_Tek: Wapagazi na waongozaji, simu ndogo. Ni div 😅

Kodi_Shanty: Basi jina ni tatizo la pili, mkuu. Div haifikiwi kwa Tab, na kisoma skrini (kinachomsomea asiyeona) hakijui kuwa inabonyezwa. Weka `<button aria-expanded="false">`, ratiba ikifunguka igeuze `true`, ndipo kisoma skrini kitangaze kuwa imefunguliwa. Au tumia `details` na `summary`, tagi za HTML zinazofunguka na kufungika zenyewe, hapo huhitaji JavaScript. Jina: Onyesha/Ficha. "Funga" mtu atadhani ukurasa wote unaondoka.

MwlNjiapanda: Lugha inayo jozi yake tayari: kunja, kunjua, kama mkeka. Mnahangaika nini?

Kodi_Shanty: Mwalimu, kinachokunjuliwa kwa wengi ni uso 😂

MwlNjiapanda: Afadhali hiyo kuliko "Panua", ambayo kwenye simu ni kukuza picha. Na asije mtu na Ficha/Fichua! "Fichua ratiba" ni kazi ya Takukuru.

DadaRau: Mnabishana kitenzi, kosa liko kwingine. Kuna fomu ya mkopo ambayo kitufe chake kilibadilika kuwa "Ficha masharti" na papo hapo aria-expanded ikawa `true`. Asiyeona anasikia "Ficha masharti, imefunguliwa". Kipi kimefunguliwa, masharti au kule kuficha? Anabonyeza ahakikishe, masharti yanapotea, anajaza fomu bila kuyasikia. Chagua moja: jina libaki lilelile na hali itangazwe na aria-expanded, au jina libadilike na aria-expanded uitoe.

Mimi nachagua la kwanza, bila kitenzi: "Ratiba ya Machame, siku 7" na mshale pembeni. "Onyesha" mara nne haimwambii kitu anayeruka kutoka kitufe hadi kitufe. Ukisema utaficha jina la njia ndani ya aria-label, yaani jina lisiloonekana ambalo kisoma skrini hulisoma, lianze na maneno yaleyale yanayoonekana. Anayeamuru simu kwa sauti hutamka anachokiona, kikitofautiana kitufe hakiitiki (WCAG 2.5.3, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote).

Kodi_Shanty: Bila kitenzi wengine watadhani ni kichwa cha habari tu, hawatagusa.

DadaRau: Ndiyo kazi ya mshale, kaka. Eneo lote la mstari liguswe, si mshale peke yake.

HimoPrint: Mkitumia details, zilizofungwa hazitoki kwenye karatasi. Wapagazi wakichapisha watapata vichwa vitupu. Kwenye `beforeprint`, tukio la kabla tu ya kuchapisha, zipe zote `open`.

Sakina_Tek: Kwa hiyo Onyesha au nitoe kitenzi?

MwlNjiapanda: Kunjua.

HimoPrint: Kwanza Machame siku 7 ya nini? Wapo wanaopanda kwa 6.

DadaRau: Kwa 6 hawalali kambi ya Karanga, wanatoka kambi ya Barranco hadi ya Barafu siku moja, na usiku uleule wanaanza kilele.