Braves wamemalizwa na majeraha, wajipangeje kwa 2026?

Mshika Gongo: Wakuu, Atlanta Braves, timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, wamemaliza 2025 na ushindi 76, vipigo 86. Warushaji wa mpira ndio walioisha kwa majeraha: Sale mbavu, Schwellenbach kiwiko, López bega, Smith-Shawver kapasuliwa kano ya kiwiko. Wanunue nyota wa bei mbaya au wasubiri hawa wapone?

Beseni Tatu: Kabla ya kununua, hesabu nafasi. Msimu ukiendelea, aliye kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60 hahesabiwi katika kikosi cha 40, yaani wachezaji 40 ambao timu inaruhusiwa kuwa nao. World Series (fainali ya ligi) ikiisha, ndani ya siku 5 wote wanarudishwa kwenye hesabu. Hapo timu yenye majeruhi wengi hubanwa, inaacha vijana wazima ili ibaki na wagonjwa.

Kocha wa Jioni: Majeraha hayafanani, mkuu. Mbavu zikiunga zimeunga. Sale alirudi Agosti hiyohiyo. Kano ya kiwiko ni miezi 12 hadi 18, na Smith-Shawver alipasuliwa Juni, kwa hiyo mwaka 2026 msimpangie kitu. López ndiye mtihani: 2025 alianza mechi moja tu. Ukimpandisha ghafla hadi iningi (vipindi vya mchezo) 150 kwa msimu, bega litalalamika tena. Mimi ningemwanzisha kama mrushaji wa akiba, anayeingia mechi ikiwa inaendelea, iningi moja moja.

Beseni Tatu: Kweli. Na wasitafute warushaji watano wa kuanza mechi, watafute wanane au tisa, wakiwemo watatu wanaoweza kushushwa Gwinnett, timu yao ya daraja la chini, bila timu nyingine kupewa kwanza nafasi ya kuwachukua. Ila mchezaji mmoja hashushwi hivyo zaidi ya mara 5 kwa msimu.