Mwezi wa kimya Accra: makanisa yaheshimu marufuku ya ngoma ya Waga, au yaipinge?

Wakuu, salaam. Naleta hoja kutoka Ghana.

Kila mwaka, kati ya Mei na Juni, Baraza la Jadi la Waga, wenyeji wa Accra, hupiga marufuku ngoma na kelele kwa takriban mwezi mzima. Makuhani wao, wulomei, wanakuwa wamepanda nafaka ya tambiko, na ardhi inatakiwa itulie mpaka ngoma ya Odadao ipigwe kuondoa marufuku. Ndiyo maandalizi ya Homowo, sikukuu ya kuizomea njaa, inayofanyika Agosti. Makanisa mengi ya kilokole yanasema hayawezi kunyamaza kwa amri ya mizimu, na kwamba ibara ya 21 ya Katiba ya 1992 inawapa uhuru wa kuabudu.

Mimi ni Mkristo, na nasema wanyamaze.

Tuanzie nyuma kidogo. Wamisionari wa Basel, kutoka Uswisi, walifika Osu, mtaa wa Accra wakati huo ukiitwa Christiansborg, mwaka 1828. Wamisionari hao waliwajengea waongofu mitaa yao pembeni, iliyoitwa Salem, na mwaka 1854, Osu ilipopigwa mizinga na Waingereza, misheni ikahamia kijiji cha Abokobi. Kuna mema mengi waliyoyafanya. Mmisionari wao Johannes Zimmermann aliwapa Waga Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1866, na shule zao zilitoa wasomi. Lakini ngoma ya ukoo ilikuwa mwiko kwa mwongofu. Kanisani ziliimbwa tenzi za Ulaya, ngoma ikabaki nje pamoja na "upagani".

Sasa angalia leo. Ngoma ipo madhabahuni, na gitaa, na spika zinazosikika mitaa mitatu. Kitu kilichofukuzwa kanisani kwa sababu ni cha mila kimerudi, na sasa wenye mila ndio wanaambiwa hawana haki ya kuomba kipumzishwe kwa mwezi mmoja. Hili linaniuma kweli.

Na hao Waga si watu wa mbali na kanisa. Siku ya Homowo hupikwa kpokpoi, unga wa mahindi uliochachushwa ukaiva kwa mvuke na kuchanganywa na mawese, unaliwa na supu ya mawese yenye samaki. Mfalme, Ga Mantse, huutawanya kwa mkono barabarani kwa ajili ya waliotangulia. Nyumbani wakubwa kwa wadogo wanachota bakuli moja, na Wakristo wengi wa Kiga wamo. Hawaoni kwamba wamemkana Kristo.

Karibuni.

*Mchangiaji:* Mkuu, umeandika vizuri ila umelikwepa la msingi. Tarehe 31 Mei 1998, siku ya Jumapili, vijana walivamia kanisa la Lighthouse Chapel pale Korle Bu, Accra, wakati wa marufuku, wakapiga waumini na kuchukua vyombo vya muziki. Hiyo nayo ni mila? Kwa sensa ya 2021 Wakristo ni asilimia 71.3 ya Waghana, wafuasi wa dini za jadi asilimia 3.2. Accra ni mji mkuu wa watu wote, si kijiji cha ukoo mmoja. Leo tunanyamaza kwa ajili ya mbegu, kesho tutaambiwa tutoe na mbuzi. Danieli hakuacha kuomba.

*Mleta mada:* Ndugu yangu, kuvamia watu kanisani ni jinai. Aliyefanya vile alistahili kushtakiwa, na mila haimkingi. Hapo tuko pamoja.

Lakini Danieli alikatazwa kuomba. Hapa hakuna anayekatazwa kuomba, kuhubiri wala kuimba. Kinachoombwa ni ngoma ziwekwe kando na spika zisitoke nje ya jengo. Katiba hiyohiyo, ibara ya 26, inalinda utamaduni wa kila mtu ilimradi haumdhalilishi binadamu, na kimya hakimdhalilishi yeyote.

Hiyo asilimia 3.2 ndiyo inanipa mimi hoja. Wingi haujawahi kuhitaji kulindwa. Waga walikuwa hapo kabla Waingereza hawajahamishia makao yao Accra kutoka Cape Coast mwaka 1877. Tangu hapo ardhi yao imekwenda kwa serikali, kwa viwanja, kwa wageni wa kila kabila. Mkoa wa Accra sasa una watu zaidi ya milioni 5 na wenyeji wamekuwa wachache kwao. Ukiwaondolea na mwezi huu, kinabaki nini kinachoonyesha mji ni wao?

La mbuzi sijalisikia likidaiwa na Baraza lolote. Likija, nitalipinga pamoja nawe.

Ninachotaka wengine mchangie ni utekelezaji. Halmashauri ya jiji ina kikosi chake cha kufuatilia marufuku. Je, baa na kumbi za disko zinabanwa sawasawa na makanisa? Kama hazibanwi, hapo wachungaji wana hoja nzito kuliko ya mizimu.